Mwalimu Aliyefua Tisheti Zangu Mara Kumi

Mwalimu hakuamini mtu, na mimi nilikuwa juu kabisa kwenye orodha yake. Hivyo ndivyo tulivyojuana. Nilikuwa nimehamia ploti moja ya nyumba za kupanga, ghorofa tatu, pale Mountain View, yeye akikaa chini, mimi juu, na kamba za kuanikia nguo ziko nyuma kwenye kiuwanja cha saruji. Jumamosi moja nikashuka kuanua nguo, nikamkuta mama wa miaka sitini na kitu, sweta ya kijani, miwani imeshuka puani, anakwaruza tisheti yangu kwa ukucha. Hakushtuka. Hata hakuiachilia.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Ni yangu, mama. Mimi ndio huprinti. Niko na duka River Road."

"Itatoka," akasema, akaendelea kukwaruza.

Nilikasirika, nisidanganye. Nilianua nguo zangu hata hazijakauka vizuri, nikapanda ngazi nikinung'unika. Mtu hata jina langu hajui, ananitabiria mikosi! Wiki tatu baadaye, simba niliyemchapa kwenye ile tisheti alikuwa amebaki miguu na mkia. Nikachukua nyingine mpya, nikaenda kumgongea. Alifungua mlango upana wa vidole viwili, mnyororo ukiwa bado umefungwa.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nataka unifulie hii, uniambie itatoka lini."

Kisha mnyororo ukafunguka. Tangu siku hiyo aliniita Fundi, nami nikamwita Mwalimu kama ploti nzima ilivyomwita, maana alikuwa amefundisha sayansi ya nyumbani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alikozaliwa sijui, na ukoo wake sikuujua. Nilimuuliza mara moja tu, akanijibu, "Kwani unaandika historia ya marehemu?"

Labda mtu atauliza mtengenezaji tisheti anahitaji nini kwa mwalimu mstaafu. Sikilizeni. Duka langu ni chumba kilichogawanywa kwa mbao, ghorofa ya pili ya jengo moja la River Road, na kwenye korido hiyo tuko wachapaji wengi tu. Wateja wetu ni timu za mtaa, vyama vya akina mama, kwaya, na familia zenye msiba. Mteja akiingia swali ni moja: "Hii haitatoka?" Na korido nzima jibu ni moja: "Haitoki, mama, hiyo ni ya maisha." Tunaapa hivyo kutwa mara ishirini. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuifua kabla ya kuiuza. Nilikuwa naapa juu ya kitu ambacho sikijui, na ule mkia wa simba ulinitia aibu.

Mwalimu alikuwa na njia yake ya kufua, na hakukubali ibadilishwe. Mara kumi, wala si tisa. Mara tatu za kwanza alifua kama mwenye tisheti mwenyewe, taratibu, kwa sabuni ya unga. Mara nne zilizofuata alifua kama dada wa kazi aliyegombezwa asubuhi, kwa kipande cha sabuni na brashi. Mara tatu za mwisho alifua kama mwanamume asiye na mke: anailoweka pamoja na jinzi, anaisahau siku mbili, halafu anaikamua mpaka inalia. Anaanika juani, picha ikitazama jua. Ikikauka anaikunja, anaiweka chini ya mto wa kiti na kuikalia akisikiliza habari, aone kama picha itajibandika.

Kila akimaliza kufua mara moja, alifunga uzi mwekundu kwenye pindo la chini, fundo moja. Nyuzi kumi ndio tisheti imehitimu. Kisha aling'oa karatasi ya daftari na kuandika ripoti kwa kalamu nyekundu. "Wino mzuri, gundi hafifu. Jitahidi." Nyingine: "Imeshindwa mara ya sita, kwapani. Usiwaambie watu ni ya maisha."

Ni yeye aliyenifundisha kazi yangu, na presi yangu hajawahi kuigusa. Sisi tunatoa picha kwenye karatasi ya plastiki yenye unga wa gundi, tunailaza juu ya tisheti, tunaibana kwa presi yenye moto, tunahesabu hadi kumi na tano, tunabandua ile plastiki. Kuna wanaoishia hapo. Kuna wanaofunika picha tena na kuibana mara ya pili. Kwa macho huwezi kutofautisha. Mimi nilikuwa nikibana mara ya pili nikikumbuka, nikisahau basi. Mwalimu ndiye aliyenikalisha chini na ripoti zake, akaniuliza siku gani nilifanya nini, mpaka tukajua kwamba zinazofika nyuzi kumi zote zimebanwa mara mbili. Zilizobanwa mara moja hazikuwahi kuvuka sita.

Na sampuli hakuwa akipokea, alijichukulia. Alikuja mwenyewe River Road, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili, akipita katikati ya wapakiaji na mikokoteni na mapipa ya rangi kama mtu anayekagua darasa. Akifika anapenyeza mkono katikati ya rundo na kuchomoa. "Ya juu umeniwekea," alisema. "Ya chini umeificha. Mimi nataka ya katikati."

Msidhani alinionea mimi peke yangu. Maziwa aliyaweka tone moja kwenye ukucha, aone yanavyoteleza. Mayai aliyazamisha kwenye maji mbele ya mwenye duka, mwenye duka akitazama pembeni. Mtungi wa gesi aliupandisha kwenye mizani ya kupimia watu, na kijana aliyeuleta asubiri hapo hapo mlangoni. Pastor akija kumwombea magoti, Mwalimu alifungua jicho moja. Nilimwona. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Nataka kujua mkono wake mwingine uko wapi."

Na hapo hapo alikuwa mtu wa ajabu. Mitumba alinunua bila hata kuikunjua. Mzizi wowote uliosifiwa na mwuza dawa wa kando ya barabara pale Kangemi aliuchemsha na kuunywa, bila kuuliza unatoka mti gani. Na mimi, wiki ya pili tu, alinipa ufunguo wa nyumba yake wa akiba. Nilishangaa kweli. "Mwalimu, wewe pastor humwamini, mimi unanipa ufunguo?"

"Pastor sijamfua," akasema. "Wewe nimeanza."

Lakini kushuku kunaambukiza kama mafua. Nami nikaanza kumshuku. Tisheti nilizompa, nyingine zilirudi na nyuzi zao kumi, nyingine hazikurudi kabisa. Ripoti ilirudi, tisheti haikurudi. Nilinyamaza mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Ya sita nikaanza kuhesabu. Siku moja sokoni Kangemi nikaona mama amevaa tisheti yenye maua kama yangu, nikamfuata mpaka kwenye sukuma wiki, nikajifanya nachagua vitunguu, kumbe ni maua mengine kabisa. Nikimwona Mwalimu akiongea na mtu langoni, najiuliza anamwambia nini. Na mchapaji mmoja wa mlango wa tatu kwenye korido yetu alipotoa muundo uliofanana na wangu, nililala na jambo hilo moyoni: huyu mama ananiuza. Ndiyo, niliwaza hivyo. Ufunguo wa nyumba yake uko kwenye mkoba wangu na mimi nawaza hivyo.

Halafu magoti yake yakakataa safari za mjini. Ikabidi niwe ninamletea tisheti mwenyewe, kwenye mfuko. Kila nikimpa, aliuliza swali lile lile, "Umeitoa wapi?" Na mimi nilijibu, "Katikati ya rundo." Kwa muda mrefu nilikuwa nasema ukweli.

Wiki niliyosema uongo ilikuwa ya msiba. Kaka mmoja wa Kangemi alifiwa na mama yake, akaja kwangu Jumatatu na picha: mama mnene, kitambaa cha kichwa, anacheka mpaka macho yamefunga. Alitaka tisheti sitini. Ijumaa asubuhi wanauchukua mwili, wanaondoka kwenda nyumbani, magharibi. "Dada," aliniambia, "mama yangu hakupenda kupigwa picha. Hii ndiyo tuko nayo. Watoto wa nyumbani watabaki na hizi tisheti." Kisha akaniuliza lile swali, haitatoka? Nikaapa.

Jumanne nilibana kumi na tano, mara mbili mbili, vizuri. Jumatano stima ikapotea asubuhi, jengo zima kiza, ikarudi saa kumi alasiri. Nilikuwa nimebakisha arobaini na tano. Nikajiambia nitabana mara moja moja kwanza, halafu nikipata nafasi nizirudie. Nilipofika ya mwisho mgongo ulikuwa unawaka na askari wa jengo anagonga milango tufunge. Nikazitazama. Zilikuwa nzuri sana. Ule uso ulikuwa unacheka mara sitini. Nikasema ah, nani ataona.

Hata hivyo nilitaka ripoti. Nilitaka Mwalimu aniandikie kwamba zimepita, ili nilale. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi nilimpelekea tisheti moja, na niliichagua vizuri, kwenye zile kumi na tano za Jumanne.

"Umeitoa wapi?"

"Katikati ya rundo."

Kwa sababu ya haraka alikubali kufua mara tano tu, za ukali, na jua lilikuwa kali. Nilibaki juu kwangu nikiisikia brashi yake huko chini. Saa saba akaniita. Tisheti imekauka, nyuzi tano pindoni, yule mama bado anacheka.

"Imepita," akasema.

"Asante Mwalimu. Wacha nikimbie mjini."

"Keti." Nikakaa. "Rundo la lini?"

Swali hilo hakuwahi kuniuliza. "La... la jana."

"Jana stima haikuwa. Hata huku haikuwa, friji yangu imemwaga maji mpaka mlangoni." Alivua miwani akaifuta kwa sweta. "Tisheti imepita, Fundi. Wewe ndio sijui. Niletee nyingine."

Ndugu zangu, mtu akishikwa hupiga kelele. Nilisimama. "Nyingine ya nini? Ndio nayo ipotee kama zile zingine? Mwalimu, tisheti zangu huwa zinaenda wapi? Unadhani sihesabu? Unampelekea nani?"

Nilitaka anijibu vibaya ili nipate sababu ya kuondoka. Aliinuka taratibu akishika kiti, akaingia chumbani, nikasikia bati likiburuzwa. Akatoka anasukuma kwa mguu sanduku la shule, lile la bati jeusi. Akalifungua. Tisheti zangu zote zilikuwa humo. Zimekunjwa, kila moja na nyuzi zake, hii mbili, hii tano, hii sita.

"Ni zilizoanguka," akasema. "Ulitaka nizitoe nje, watu wavae picha imekatika, waulizwe ni ya nani, waseme ni ya Fundi wa ghorofa ya tatu?"

Aliendelea kutoa moja moja mpaka chini kabisa, akatoa moja ambayo haikuwa yangu. Nyeupe iliyogeuka manjano. Juu iliandikwa "Pumzika mwana wetu". Katikati palikuwa na alama ya gundi, mraba wenye utelezi, na kwenye mraba huo sikio moja na kipande cha kola ya shati.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ndio hapo sasa," Mwalimu akasema. "Huyu ni nani?"

Alikuwa mtoto wake wa kiume, wa pekee. Aliniambia kwa maneno machache, akiwa amesimama, bila kulia. Walirudi kutoka kuzika, tisheti ina udongo wa kaburini, akailoweka aisafishe aiweke. "Nikasugua mara moja. Maji yakabadilika rangi, nikadhani ni udongo. Nikasugua tena. Nilipoinua, alikuwa ameenda." Alionyesha viganja vyake kana kwamba bado vina maji. "Mtoto wangu nimemfua mimi mwenyewe, Fundi. Na yule aliyeniuzia aliapa. Aliniangalia hapa machoni akaapa."

Nilibeba mkoba wangu nikaenda mjini. Nilifika, nikachomoa moja katikati ya rundo la Jumatano, nikachota maji kwenye karai pale kwenye korido, wenzangu wakichungulia na kuniuliza nimeanza udobi lini. Nilisugua kwa kipande cha sabuni. Mara ya kwanza tu, shavu la yule mama likainuka kama ngozi ya maziwa. Nikaendelea kidogo, kitambaa cha kichwa kikafuata.

Nilizibana tena zote za Jumatano zilizobaki, na badala ya ile iliyoharibika na ile aliyofua Mwalimu nikatoa mpya mbili. Stima ilikaa, namshukuru Mungu. Ijumaa asubuhi yule kaka alikuja, akafunua ya juu, akapitisha kidole kwenye uso wa mama yake. "Anakaa kama anataka kuongea," akasema. Nilijifanya natafuta karatasi za kufungia.

Nilipomweleza Mwalimu yote, hakusema "nilikuambia". Alichukua daftari akaandika kwa kalamu nyekundu, akanipa: "Amekiri. Arudie mwaka." Na alimaanisha. Miezi mitatu hakunifulia hata soksi. Nilifua mwenyewe, nikafunga nyuzi mwenyewe, nikampelekea akague, akatafuta makosa mpaka akayapata.

Sasa nifike mwisho. Mwaka huu magoti yamemshinda kabisa, na binti yake akaamua kumchukua akaishi naye Kakamega. Wiki ya kuhama aliniita. Vitu vimefungwa, mapazia yameshushwa, amekaa kwenye kiti kimoja kilichobaki. Alitoa kwenye sidiria kitambaa, kwenye kitambaa kadi ya chuo, ya zamani, kona imekatika. Kwenye kadi kulikuwa na picha ndogo ya kijana mwenye masikio makubwa, kola imesimama, uso wa mtu aliyeambiwa asicheke. Kumbe alikuwa nayo miaka yote hiyo. Amekaa nayo, amenifua miaka sita, hajawahi kunionyesha.

"Printi mbili," akasema. "Moja ya kuweka. Moja ya kufua. Na utafua wewe. Hii mikono ilishamfua mara moja."

Nilibana mara mbili. Nisijidai, moja niliibana mara tatu kwa woga. Jumamosi nikashuka na makarai mawili kwenye kile kiuwanja, yeye akaletewa kiti akakaa mgongo ukinielekea, anatazama ukuta. Nilifua kama mwenyewe, nikafua kama dada wa kazi, nikafua kama mwanamume asiye na mke, ila zile siku mbili za kuisahau hatukuwa nazo. Kila mara nilifunga uzi, na kila mara nilisema, "Bado yuko, Mwalimu," naye hakugeuka. Mikono ilinivimba. Mwishowe nikamletea. "Kumi," nikasema.

Hakutazama picha. Alishika pindo, akahesabu kwa kidole gumba, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, halafu akarudi.

"Ziko tisa."

"Haiwezekani."

"Hesabu."

Nikahesabu. Ziko tisa. Nikarudi kwenye karai, nikamwaga maji, nikachota mengine. Nilikuwa nimeanza kusugua nilipokisikia kiti chake kikikwaruza saruji. Alikuja akishikilia ukuta, akasimama juu yangu.

"Sogea," akasema. "Unafua kama unampapasa paka."

"Mwalimu, si ulisema..."

"Nimesema sogea."

Alikunja mikono ya sweta. Aliinama, magoti yakalia, nikamshika kiwiko. Akachukua kipande cha sabuni akakipitisha juu ya uso wa mwanawe, akasugua jinsi alivyosugua tisheti zangu zote, bila huruma, macho ameyafumba. Maji yakawa na povu. Alisimama kidogo, akapumua, akasugua tena. Kisha akafungua macho, kwanza akaangalia maji. Yalikuwa meupe ya sabuni tu. Akaiinua tisheti kwa mikono miwili, ikichuruzika kwenye viatu vyake, na yule kijana alikuwa hapo, masikio yote mawili, hacheki.

Mwalimu alimtazama mpaka maji yakaacha kuchuruzika. Kisha akanigeuzia pindo.

"Funga uzi," akasema.